Mkwaju wangu wa kwanza niliufunga mapema

Kazi yangu ni kusuka mota. Pampu ya kisima ikiungua, feni ikigoma, mashine ya kukunia nazi ikitoa moshi, huletwa kwangu hapa Wete, nami huitoa waya ulioungua nikasuka mpya. Nyumbani kwangu waya wa shaba haukosekani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniponza katika bonsai, kazi ya kulea mti ubaki mdogo chomboni.

Mwaka 2017, siku moja nangoja vanishi ya mota ikauke, nikawa nachezea simu. Ikatokea video ya mzee wa Kijapani anachonga mti kwa gurainda. Mti wenyewe haufiki kiunoni, umeota kwenye sahani, lakini ukiutazama utadhani umepigwa na pepo za jabalini miaka mia tatu. Baadaye nilikuja kujua kuwa yule ni Masahiko Kimura, mzaliwa wa 1940, aliyewashangaza wenzake kwa kuingiza mashine za umeme katika kazi iliyozoea mkasi na patasi. Siku ile mimi niliona fundi mwenzangu tu. Nikasema, waya ninao, gurainda ninayo, na Pemba miti haina idadi. Kipi kitanishinda?

Kilinishinda karibu kila kitu. Mpaka 2021 nilikuwa nimeua miche kumi na saba. Najua idadi kwa sababu nilikuwa naiandika nyuma ya daftari la wateja, jina la mti, tarehe, na sababu kama naijua. Ndiyo maana naandika haya. Kuna vijana wawili watatu wameanza kuniuliza, mmoja Chake na mmoja Unguja, na nawaona wanaelekea shimo lile lile nililotumbukia mimi.

Shimo la kwanza lilinila shilingi elfu thelathini na tano. Niliagiza "mbegu za bonsai" kwa muuzaji wa mtandaoni, pakiti ina picha ya mti mwekundu kama moto. Jamani, hakuna mbegu ya bonsai. Neno lenyewe kwa Kijapani ni bon, yaani trei au chombo kifupi, na sai, kupanda. Wajapani nao waliipokea kutoka China, ambako huitwa penjing. Ni namna ya kulea mti, si kabila la mti. Zile zilizokuwamo pakitini zilikuwa mbegu za mti wa nchi za baridi, na mbegu ya namna hiyo haiamki mpaka ipitiwe na kipindi kirefu cha ubaridi. Nikaziweka katika friji la mke wangu miezi mitatu, jirani na pweza. Zikaota mbili. Kaskazi ya Januari ilipoingia zikakauka ndani ya wiki moja kama majani ya chai. Mwenye kutaka mbegu akatafute jikoni kwake, kwenye ukwaju.

Na mkwaju ndio nilioangukia. Mbegu unazilowesha usiku kucha, unazipanda, na kwa wiki moja au mbili zinachomoza. Majani yake ni madogo tangu kuzaliwa, na hilo ni jambo kubwa. Katika mti mdogo jani kubwa linavunja uongo wote, kwani jicho haliwezi kukubali mti wa futi moja wenye jani kama la mkungu. Gome la mkwaju hupasuka mapema likaonekana la kizee. Ukiukata unachipua tena bila kununa. Jioni majani hufumba, asubuhi yakafumbuka, na mwanangu mdogo alikuwa akisema mti umelala, tusipige kelele.

Niliotesha mikwaju sita, kila mmoja kwenye kopo la nyanya. Hapa ndipo lilipo kosa ninalolijutia kuliko yote. Kama watu wengi, niliamini kuwa bonsai ni mti unaonyimwa. Unaubana mizizi, unaupa maji kidogo, chakula kidogo, basi unadumaa. Nikaibana. Baada ya miaka miwili nilikuwa na vijiti sita vyembamba kama kalamu ya risasi, vina vichwa juu, vimesimama kama vijana wa kupima urefu shuleni. Havikuwa na uzee wowote. Vilikuwa na njaa tu.

Shina hunenepeshwa na majani. Majani mengi, chakula kingi, mizizi yenye nafasi, shina linatanuka. Kopo la nyanya haliwezi kulipa shina unene hata ukae nalo miaka ishirini. Mafundi wenyewe huupanda mti ardhini, au kwenye beseni kubwa, wakauachia urefuke watakavyo, mita mbili, tatu. Kisha wanaukata chini kabisa, juu kidogo ya chipukizi la pembeni, na chipukizi hilo ndilo linalokuwa kilele kipya. Wanauachia tena, wanaukata tena. Kila mkato unaacha shina nene chini na jembamba juu, na huko kupungua ndiko kunakomdanganya mtazamaji kuwa huu ni mti mkubwa uliosimama mbali. Chombo kizuri ndicho kinachokuja mwisho kabisa. Mimi nilianzia mwisho.

Sikuwa na mtu wa kuniambia. Nilichokuwa nacho ni waya.

Kutia waya ndiko kulikonivutia tangu mwanzo, maana mkono wangu umezoea. Unazungusha waya kwenye tawi kwa mshazari, nusu ya pembe mraba, tena taratibu, kisha unalipinda tawi nalo linabaki ulipoliacha. Waya wa mota unafaa ukiuchoma kwanza kwenye makaa mpaka uwe mwekundu, vanishi iishe na shaba ilegee. Ukishaupinda unakuwa mgumu, na huo usijaribu kuukunjua ukautumia tena, utavunja tawi. Waya wa kufungia nondo achana nao, unapata kutu na hauna utii. Haya niliyajua upesi. Nilichokuwa sikijui ni lini uutoe.

Video zote nilizotazama zilitoka nchi za baridi. Huko mtu anatia waya, anasema ataurudia baada ya miezi sita au mwaka. Nami nikatia waya mikwaju yote sita mwezi wa Machi 2019, nikakaza vizuri kama ninavyokaza koili, nikaenda zangu Unguja kwenye kazi ya hoteli iliyonichukua wiki saba. Wiki saba hizo zilikuwa masika.

Niliporudi sikuuona waya. Nilidhani kuna mtu ameutoa. Nikainama, nikapitisha kucha kwenye shina, na kucha ikagota kwenye shaba iliyokuwa ndani ya gome. Mti ulikuwa umevimba juu ya waya kutoka huku na huku, kama nyama inavyovimba juu ya pete iliyobana. Nilikaa barazani na plaizi ndogo ya kukatia, nikaukata waya kipande kwa kipande, kila mzunguko mkato wake. Kila nilipovuta kipande, utomvu mdogo ulitoka. Mwanangu akaniuliza, "Baba, unaumia?" Kumbe nilikuwa nauma meno. Mikwaju miwili ilikufa juu ya jeraha. Minne iliyobaki ina kovu linalozunguka shina tangu chini mpaka juu, mfano wa alama ya uzi wa hirizi kwenye kiuno cha mtoto aliyenenepa. Kovu la namna ile halifutiki. Sasa wakati wa mvua nautazama waya kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, na nikiona umeanza kuacha alama, naukata. Kwa kawaida haumalizi wiki sita.

Lakini hasara ya waya haikuishia kwenye mti. Wanaoijua Pemba watakuwa wameshaniwahi.

Neno "kufunga" kwetu lina mizigo. Mtu anafungwa asiolewe, anafungwa asipate kazi, anafungwa safari. Na mbuyu na mkwaju ndiyo miti ambayo tangu udogoni tunaambiwa ina wenyewe, usipite chini yake saa za magharibi. Sasa fikiria kuna mtu ana mkwaju na mbuyu wa futi moja uani kwake, nyuma, mahali pasipoonekana, na imefungwa kwa waya wa shaba kutoka chini mpaka juu. Nilikuwa nimeiweka uani kwa sababu ya mbuzi. Nani ataamini kuwa ni kwa sababu ya mbuzi?

Bi mmoja jirani, binti yake alikuwa ameposwa mara mbili na posa zote zimevunjika. Siku moja aliingia kuomba moto, akauona mbuyu wangu umefungwa. Hakusema neno. Kufikia Alhamisi mama yangu alikuwa amesikia habari hiyo huko shambani kwake, akaja mbio na kanga moja.

"Mwanangu, mti huo umekukosea nini?"

"Mama, ni sanaa hii. Ya Wajapani."

"Wajapani wako Wete?"

Sikuwa na jibu. Wiki ile wateja watatu walikuja kuchukua mota zao kabla hazijakwisha. Mmoja alimtuma mtoto, yeye mwenyewe akasimama ng'ambo ya barabara. Hesabu ya hasara sikuiandika, ila mke wangu anaikumbuka vizuri.

Mjomba ndiye aliyeniokoa, naye alinilazimisha. Aliwakusanya sheha na wazee wanne, akanitaka niilete miti yote barazani mchana, mbele ya watu, na niifungue. Nikaikata nyaya zote mbele yao, hata zile zilizokuwa bado zina kazi. Nikawaeleza waya unafanya nini, nikawapa tawi wapinde wenyewe. Mzee mmoja, seremala wa mashua, alielewa mara moja. Akasema hata yeye mbao za ubavuni haziji zimepinda, anazipinda. Nikapata nguvu, nikawasimulia habari ya msonobari ulioko Marekani, katika makumbusho ya bonsai mjini Washington. Umelelewa kwenye chombo tangu 1625. Bomu la Hiroshima la mwaka 1945 lililipuka kiasi cha kilomita tatu kutoka nyumbani kwa wenyewe, ukuta wa bustani ukaukinga, mti haukufa. Mwaka 1976 mwenye nao aliutoa pamoja na miti mingine, zawadi ya Japani kwa Wamarekani, na hakuhadithia yaliyoupata. Habari ilijulikana 2001, wajukuu walipokwenda kuutazama.

Wazee walinyamaza. Mjomba akasema, "1625? Basi Wareno walikuwa bado Mombasa." Wakacheka, na kwa kicheko kile nikajua mambo yamelainika. Tangu siku hiyo miti yangu inakaa mbele, barazani, kila apitaye aione. Mbuzi nimewazuia kwa wavu wa samaki. Lakini yule Bi hajarudi kuja kuomba moto, na binti yake alipoolewa mwaka jana hatukupata mwaliko. Ukianza kazi hii katika mtaa kama wetu, anza mbele ya macho ya watu. Eleza kabla hujaulizwa.

Sasa ya udongo, kwa ufupi, maana nimeyalipia. Mchanga wa pwani usiutumie, una chumvi, na kuuosha mara moja hakutoshi. Kokoto za mawe ya matumbawe zina chokaa. Nilitia mche wa mkarafuu humo, na juu yake nikawa naumwagilia maji ya kisima kigumu. Majani yakageuka manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani. Mkarafuu hupenda udongo wenye uchachu kidogo na hautaki mizizi yake kuchezewa, nami niliukosea kote kuwili. Wajapani wana udongo wao maalumu wa mfinyanzi uitwao akadama. Kuuagiza ni wazimu. Mimi natwanga matofali ya kuchoma na vigae vya zamani, nachekecha, vumbi natupa, nabakisha chembe kama za mtama na mahindi. Nachanganya na makumbi yaliyooza na samadi ya ng'ombe iliyokaa. Maji yapite mara moja kama kwenye kung'uto. Matundu ya chombo nayaziba kwa kipande cha chandarua kibovu. Na maji bora ni ya mvua, kwa hiyo nimetega pipa chini ya bati.

Vyombo vya kununua ni ghali na lazima viagizwe. Natengeneza vya saruji, naviloweka wiki mbili tatu nikibadilisha maji ili ukali wa saruji utoke. Havipendezi sana. Sawa.

Kalenda nayo ilinipoteza. Vitabu na video zinakwambia badilisha udongo majira ya machipuko, miti ikitoka usingizini. Sisi hatuna machipuko, tuna masika, kipupwe, vuli na kaskazi. Mkwaju nakata mizizi yake mvua za mwanzo za masika zikishaingia, hewa ina unyevu na mti una hamu. Kaskazi siugusi mti wowote. Upepo ule hukausha chombo kifupi kabla ya adhuhuri, na kazi ni kumwagilia asubuhi na alasiri tu. Mbuyu ni kinyume cha yote. Nauhamisha ukiwa hauna majani, kabla haujaanza kuchipua, nauacha kivulini siku kadhaa vidonda vya mizizi vikauke, na maji siupi mpaka uonyeshe chipukizi. Mbuyu wangu wa kwanza niliumwagilia kila siku kwa huruma. Asubuhi moja niliushika shina, kidole kikazama kama kwenye papai bovu.

Mti wa kuchimba porini unakufupishia miaka, kwa kuwa shina umelikuta tayari. Lakini usiende na jembe Ngezi, ule ni msitu wa hifadhi, wala usiguse mikoko. Ninachofanya mimi ni kuwauliza watu wanaofyeka viwanja vya kujenga. Micheweni, kwenye ardhi ya mawe, mkwaju ulioliwa na mbuzi miaka kumi mfululizo unakuwa bonsai nusu tayari, mfupi, mnene, umejikunja. Mwenye kiwanja anataka kuuchoma moto, wewe unamwokolea kiberiti. Mmoja wa hivyo nilipewa bure 2021, na ndio mti wangu mzuri kuliko yote.

Huo nao niliuharibu kidogo. Niliupinda matawi yashuke chini kama ya msonobari wa picha za Kijapani, yale yaliyoelemewa na theluji. Ukakaa kama mtu aliyevaa koti la baridi kwenye jua la Pemba. Kuna kitu hakikai sawa na sikukijua, mpaka niliposoma habari za Charles Ceronio wa Afrika Kusini. Yeye aliweka mitindo ya Kiafrika katika bonsai: upo wa mbuyu, na upo aliouita Pierneef, jina la mchoraji wa kwao aliyekuwa akichora miti yenye kilele bapa kama mwavuli. Basi nikapanda daladala bila shughuli yoyote, nikateremka njiani, nikakaa chini mbele ya mkwaju mkubwa, nikauchora nyuma ya risiti. Matawi ya mkwaju wetu hupanda kwanza, kisha hutanuka, na ncha ndizo zinazoinama. Nilirudi, nikatoa waya wote, nikaanza upya. Imechukua miaka miwili kurekebisha nilichokiharibu Jumapili moja.

Kuhusu pesa, msijidanganye. Nimeuza mti mmoja tu wa maana, mlandege niliobandua kwenye ukuta wa nyumba mbovu ambako ndege alikuwa ameupanda. Hoteli moja Unguja iliukubali kwa laki mbili na nusu. Walinipa laki moja na ishirini mkononi, nikaupakata kwenye boti kutoka Mkoani kama mtoto mgonjwa. Wakauweka mapokezi, mbali na dirisha, chini ya kiyoyozi. Wiki ya tatu ulikuwa umepukutisha majani yote, wakaniambia nimewauzia mti mbovu, na zilizobaki sijaziona. Bonsai ni mti wa nje. Unataka jua, umande na upepo. Ndani uingie siku moja au mbili ukiwa na wageni. Siku hizi nikiulizwa bei, nauliza kwanza utakaa wapi. Jibu likiwa "juu ya meza ofisini", siuzi.

Ile mikwaju minne yenye makovu, mitatu ipo barazani. Wa nne niliupeleka shambani kwa mama mwaka 2020, baada ya mkasa ule, nikaupanda ardhini na kigae chini yake ili mzizi mkuu usishuke moja kwa moja, utawanyike pembeni. Nikauachia. Haukuguswa na waya wala mkasi. Sasa umepita paa la banda, shina lake chini ni nene kuliko kifundo cha mguu wangu, na kovu limetanuka mpaka limekuwa mfereji mpana usiotisha tena. Nilipanga kuukata na kuuchimba masika hii.

Nilikwenda mwezi uliopita kuupima. Nikamkuta mama amekaa chini yake kwenye mkeka anachambua mchele, na mbuzi wake wawili amewafunga kwenye shina.

"Msumeno huo wa nini?" akaniuliza.

Nikamwambia nimekuja kukata kuni. Nimeshaotesha mwingine, upande wa pili wa shamba, mbali na banda.